Mpishi wa Damu

Damu niliipika mimi.
Sufuria ya maharagwe, jiko la makala, uani kwa mdogo wangu Kavira:
unga wa muhogo vijiko vinne, maji,
ngaingai iliyochemshwa mpaka ikatoa roho,
na kahawa kidogo, maana Bisimwa alisema
damu ya Goma si nyekundu kama ya kwenye televisheni,
ina vumbi jeusi ndani yake.
Sikumuuliza alijuaje.

Kamera tuliifunga juu ya chukudu.
Mtoto mmoja anasukuma, mwingine anafunga breki kwa kandambili,
na barabara ya makoro inaitikisa picha
hadi Bisimwa akasema basi, iacheni itikisike,
mji huu hata waliosimama wanatetemeka.

Wachezaji hatukuwatafuta mbali.
Bati Nyekundu walitoka Birere, saba.
Makoro wakashuka kutoka Ndosho, kumi na mmoja.
Hawakuwa wamekanyaga uwanja mmoja
tangu mwaka wa ile simu iliyoibwa,
simu ambayo, nasikia, haikuwa hata na betri.
Mapanga tuliyachonga ya mbao,
tukayapaka rangi ya fedha iliyobaki kwa fundi wa majeneza.
Bado Bisimwa aliwapekua mlangoni mmoja mmoja
akajaza karai: visu, bisibisi, mnyororo wa pikipiki,
na kijiko kimoja kilichonolewa
ambacho mwenyewe alikililia kama mtoto anayeachishwa ziwa.

Saa ya kula hawakuchanganyika.
Bugali sinia mbili, sombe bakuli mbili, katikati njia ya kuku.
Lakini kwangu, penye damu,
walikuja kwa foleni moja, mashati juu,
na kila mmoja akanionyesha mahali:
"Weka hapa, Yaya Masika. Ya kweli iliingilia hapa."
Mbavu. Bega. Chini ya kitovu.
Birere kwa Ndosho, kovu kwa kovu,
mshono uleule mbaya,
mkono wa muuguzi yuleyule wa usiku.

Siku ya tatu ilikuwa zamu ya kufa.
Mmoja wa Bati alipaswa kuanguka penye bomba la maji.
Wakapiga kura kwa vizibo vya soda,
kikamwangukia Lwaboshi, miaka kumi na saba,
yule anayecheka kwa meno ya chini.
Alikufa vizuri. Alikufa mara nne:
mara ya kwanza jua lilikuwa kali,
mara ya pili alipita mbuzi,
mara ya tatu aliyemchoma alisema "samahani".

Mara ya nne akaja mama yake na madumu mawili.

Alijua ni filamu. Alikuwa ameweka hata dole gumba kwenye karatasi.
Ila bomba lile ndilo la Chirhuza, mwanawe mkubwa,
na hilo Bisimwa hakulijua, au alilijua.
Mama Nzigire akatua madumu.
Akapita mbele ya kamera kama anavuka sebule yake,
akapiga magoti, akachovya kidole kifuani pa mtoto,
akalamba.

"Imekosa chumvi," alisema.
"Inuka."

Kisha akamgeukia muuaji, kijana wa Makoro, Mumbere,
panga la mbao bado mkononi:
"Na wewe. Dumu hilo."

Mumbere alitazama wenzake. Wenzake walitazama chini.
Akalibeba.
Akaingia Birere akiwa na panga kushoto, maji kulia,
vichochoro ambavyo miaka miwili
angeviingia kwa kubebwa tu,
na watoto wa chukudu, bila kuambiwa na mtu,
wakasukuma kamera nyuma yao
mpaka betri ikazima.

Filamu haijaisha. Bisimwa anatafuta bado wa kufa,
vizibo vimo mfukoni mwake, navisikia anapotembea.
Sufuria niliirudisha.
Kavira analalamika maharagwe yana uchachu.
Namwambia aisugue tena.